Kwa Mguu Huu Hadi kwa Mama Ndahani

Wanakwaya wenzangu, tangu nirudi hamjaniacha nimeze mate. Nikikaa kwenye cherehani, mtu anasimama mlangoni: "Skola, hebu tuambie." Nimechoka kusimulia kwa vipande. Huyu nampa Mtera, yule nampa Mvumi, halafu mnakutana sokoni mnabishana nani kaambiwa ukweli. Basi nimekaa nikaandika yote, someni kwa zamu, na atakayenipigia simu kuuliza swali ambalo jibu lake limo humu, nitamkatia.

Wengine ni wageni kwenye kwaya, kwa hiyo nianzie mbali kidogo. Miaka mitatu iliyopita basi nililopanda lilipinduka karibu na Dodoma. Nililazwa wodi ya mifupa, mguu wa kushoto umefungiwa uzito, simu imepotea, na nyumbani Iringa hakuna aliyejua niko wapi. Nanyi mnajua wodi zetu: asiye na ndugu wa kumletea chakula anahesabu vigae vya dari. Kitanda cha jirani alikuwepo mama mmoja wa Kigogo akimuuguza mkwewe. Anaitwa Mama Ndahani. Siku ya kwanza tu aliugawa uji wa mkwewe mara mbili akaninywesha. Toka hapo akawa ananilisha, ananifuta mwili, ananisuka nywele. Hakuna aliyemtuma. Aliposikia mimi Mhehe ndipo akapata na la kunitania kila asubuhi, ule utani kwamba sisi tunakula mbwa: "Amka Mhehe, kunywa uji, mbwa leo hatukupata."

Asubuhi moja alikwenda kuchota maji ya moto. Huku nyuma kaka zangu, waliokuwa wakinitafuta hospitali kwa hospitali, wakafika na gari, wakaniondoa upesi kunipeleka Dar kupasuliwa. Niliondoka bila kumwambia hata asante. Hana simu. Nilichobaki nacho ni jina lake na kwamba kwao ni upande wa Handali, nyuma ya Mvumi.

Kule Dar niliambiwa mguu huu utanitoa jikoni hadi kitandani, nisitarajie zaidi. Mimi na ubishi wangu mnaujua. Nikaweka nadhiri papo hapo kitandani: mguu ukipona, safari yake ya kwanza ndefu ni kwa Mama Ndahani, kwa kutembea, bila kupanda chochote, nikamwambie asante nikiwa nimesimama juu ya mguu alioulisha. Hiyo tu ndiyo ilikuwa shida yangu. Kila niliyekutana naye njiani alitaka kuniharibia kwa wema wake.

Mtera

Kipande cha Iringa hadi Mtera nakiruka. Kule ni nyumbani, kila baada ya kilima nina shangazi. Safari yenyewe ilianza nilipovuka ukuta wa bwawa.

Jamani, yale maji! Unashuka kutoka milima ya Nyang'oro siku nzima unatazama nchi kavu, miiba, mawe yaliyochomwa na jua, halafu ghafla mbele yako pamejaa maji mpaka macho yanakwama. Nimepita pale kwa basi mara nyingi, sikuwahi kuona kitu, nilikuwa nasinzia. Safari hii nilisimama ukutani upepo unanivua kitambaa, nikashindwa hata kusali. Nilikuwa nasema tu "Mungu wangu, Mungu wangu" kama santuri iliyokwaruzika.

Upande wa pili kuna kina mama wanaouza samaki wa kukaanga. Mmoja mnene, mcheshi, akaniuliza gari langu liko wapi. Nikamwambia natembea. Akaniangalia kuanzia kichwani hadi kwenye raba.

"Umefukuzwa na mume?"

"Sijaolewa."

"Basi umeibiwa."

Nikamweleza habari ya nadhiri. Alipojua mimi Mhehe akapiga makofi, akawaita wenzake. Mnajua Wahehe na Wagogo ni watani tangu enzi za mababu: tunatukanana, tunanyang'anyana vitu, na kwenye misiba tunahudumiana, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mimi nilidhani ni mambo ya wazee wa zamani. Kumbe kule mtaani yako hai kabisa.

"Mhehe kaja kwa miguu! Gari hawakumpakia, waliogopa atakula mbwa wa njiani!"

"Nimekuja kuangalia kama kweli mmeacha kuombaomba mijini," nikamjibu.

Walicheka mpaka nzi wakapata nafasi ya kutua kwenye samaki. Akanifungia perege wawili wakubwa kwenye gazeti, nikatoa pesa, akanipiga mkono. "Toka hapa. Kula, ukanenepe, tukuchinje." Nilikula nikitembea, mafuta yananichuruzika hadi kwenye kiwiko.

Mtera hadi Chipogolo

Kutembea kwenye nyanda zile kuna ratiba yake, na hupangi wewe, jua ndilo linalopanga. Unaamka kabla ya mapambazuko, baridi inauma kweli, upepo wa Ugogo haukuonei haya. Unatembea mpaka kivuli chako kinapoingia chini ya miguu. Hapo unatafuta kichaka, unalala kama mbuzi. Jua likilegea unaanza tena. Jioni unaingia kwenye mji wa watu, yaani kaya, unapiga hodi, unasema shida yako. Sikulala nje hata mara moja. Sikuwahi kuulizwa kitambulisho. Swali lilikuwa moja, tena baada ya kula: "Sasa kwa nini hukupanda gari?"

Siku ya pili basi lilisimama mbele yangu kwa kishindo. Kondakta akaruka chini, akashika begi langu.

"Dada, ingia. Jua hili litakuua."

"Natembea, kaka. Nina nadhiri."

"Nadhiri gani ya kuua mtu? Ingia, nauli acha."

Abiria wakachungulia madirishani. Mmoja akasema nimerukwa na akili, mwingine akasema wachange wanipeleke hospitali. Mama mmoja alishuka kabisa akanishika kiuno ili anisukume mlangoni, nami nikajishikilia kwenye kioo cha pembeni cha basi kama mwizi. Nilikuwa karibu kulia. Ilibidi mzee mmoja wa kiti cha mbele, mwenye baraghashia, apaze sauti: "Muacheni. Mtu na Mola wake msiingilie." Wakaniachia. Basi lilipoondoka chupa za maji zikarushwa dirishani, na mkate, na mfuko wa ubuyu. Nikaokota barabarani huku natukana na kushukuru kwa pamoja.

Ukimya uliobaki baada ya lile basi sijui niuelezeje. Nchi ile ni bapa, halafu mahali fulani mawe makubwa yamepandana yenyewe, moja juu ya lingine, hujui nani aliyaweka wala kwa nini hayaanguki. Vumbi linanyanyuka kwa mbali, linazunguka, linakuwa mnara mwekundu, linatembea peke yake mbugani, kisha linakaa. Nilijiona mdogo sana, na ajabu ni kwamba nilifurahi kuwa mdogo.

Mchana huo huo nikapata hofu. Nilikuwa nimeacha lami nikafuata njia ya ng'ombe inayokata kona, nikageuka nikamwona mfugaji mmoja na shuka lake na fimbo, yuko nyuma yangu. Nikiongeza mwendo, anaongeza. Nikipumzika, anasimama mbali, anatazama pembeni. Nilimsalimia kwa sauti, akanyanyua fimbo tu. Nikaanza kufikiria pesa nizifiche wapi, nikakumbuka nyimbo zote za kwaya za kuaga marehemu. Tulikwenda hivyo mpaka jua likaanza kushuka na nyumba za kwanza za watu zikaonekana. Hapo akanipita. Akanyoosha fimbo kwenye zile nyumba, akasema, "Pale, watu." Kisha akaonyesha vichaka tulikotoka, akasema, "Kule, fisi. Mchana pia." Akanipa kibuyu nikanywa maziwa ya mgando, akakichukua, akageuka kurudi njia ile ile yote.

Sikumuuliza jina. Nilibaki nimesimama na mdomo mweupe wa maziwa.

Mlowa

Hapa ndipo mguu uliponigeuka. Ulivimba usiku mmoja tu, kifundo kikapotea. Nilikuwa nimefikia kwa mke na mume mmoja wanaoishi kwenye tembe, ile nyumba ya Kigogo yenye paa la udongo, ndani baridi kama mtungini. Mwenye nyumba anaitwa Mama Sijali, ni wa rika langu. Mumewe mpole, hasemi kitu mpaka chakula kiishe.

Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda. Wahehe wenzangu, msicheke. Tonge linateleza lenyewe linakwenda, unabaki unashangaa mkono uko mtupu. Nilikula mpaka Mama Sijali akaogopa.

Asubuhi nikaamka na giza kama kawaida yangu, nikajikaza, nikapapasa mlangoni. Raba hazipo. Nikatafuta kila mahali. Mama Sijali yuko uani anachochea moto, hana habari.

"Dada, viatu vyangu hujaviona?"

"Nimevikamata."

"Umevikamata vipi?"

"Wewe si Mhehe? Mimi Mgogo. Nimekamata viatu vya mtani. Kuna neno?"

Damu ilinipanda. Mimi ni mtu wa haraka, nanyi mnanijua, hata misa ikichelewa naangalia saa. Nilimwambia nina safari, nina nadhiri, akipenda aniombe kitu kingine. Yeye anacheka. Nikamgeukia mumewe. Akatikisa kichwa: "Shemeji, kitu cha mtani kikikamatwa, hata mwenyekiti wa kijiji hana la kusema. Kaa ule."

Nilikaa nimenuna. Akaniletea beseni la maji ya moto yenye chumvi na majani fulani, akaushika mguu wangu akautumbukiza bila kuniuliza. Kesho yake vivyo hivyo. Kila asubuhi naomba viatu, kila asubuhi ananitukana: miguu ya Kihehe imezoea milima, ikiona nchi tambarare inavimba kwa wivu. Nilimchambulia choroko, nikamshonea sketi mbili kwa mkono. Ikafika siku nikaukanyaga mguu, haukuuma, na kifundo nikakiona tena.

Asubuhi hiyo raba zilikuwa mlangoni. Soli zilizokuwa zimeachia zimeshonwa kwa uzi mnene, na chini zimebandikwa kipande cha tairi, kama katambuga. Nilimwangalia, hasira yote ikaniyeyuka, nikaona aibu. Alijua kabisa kwamba angenisihi nisingemsikia. Akanisindikiza mpaka njia panda ya Mvumi, amebeba begi langu kichwani, akitukana njia nzima.

Njia ya Mvumi

Ukiiacha barabara kubwa, unaingia kwenye mashamba ya mtama na uwele yaliyokwisha kuvunwa, mabua yanapiga kelele kwenye upepo. Nilifika kwenye mto usio na maji, mchanga mtupu, mpana kuliko uwanja wa mpira. Katikati kuna kina mama wamechimba shimo, wamelizunguka, kimya. Nikasogea. Chini ya shimo maji yanatoka kwenye mchanga polepole, kata moja, unasubiri, kata nyingine. Kila mmoja ana zamu yake na ndoo yake, na hakuna anayesukuma. Mimi nimezoea bomba, na hata bombani kwetu watu wanapigana.

"Mbukwenyi," nikasema, salamu niliyofundishwa na Mama Sijali.

Wakaitikia kwa kicheko, matamshi yangu yalikuwa mabovu. Kisha yule ambaye zamu yake ilikuwa imefika, na alionekana amesubiri sana, akajaza kata akaninyooshea mimi. Nikakataa. Wote wakanikazia macho mpaka nikanywa. Maji yalikuwa baridi, na yana ladha ya chuma. Nilinywa polepole kwa heshima, maana nilijua nimekunywa muda wa mtu.

Nikawauliza kama wanamjua Mama Ndahani wa Handali. Wawili wanamjua. Yupo, mzima, mji wake uko chini ya kilima chenye jiwe limepasuka. Ile hotuba yangu ya asante niliyoitunga tangu Nyang'oro nikaanza kuirudia. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na Biblia ndani yake.

Handali

Nilifika alasiri. Mji wenyewe nikautambua kwa lile jiwe. Uani mwanamke amekaa kwenye kigoda, mgongo kwangu, anapepeta uwele, makapi yanaruka na upepo. Nilimjua kwa mabega.

"Hodi hapa. Shikamoo, Mama Ndahani."

Aligeuka. Ungo ukamtoka mikononi, uwele ukamwagika wote. Akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia, akakimbilia ndani akafunga mlango.

Majirani walijaa kabla sijajua niseme nini. Ndani sauti yake inasikika: "Huyu nimemlilia! Huyu nimemlilia mimi mwenyewe!" Watu wakaanza kurudi nyuma. Bibi mmoja mfupi, jasiri kuliko wengine, akanizunguka, akatazama kama nina kivuli. Ninacho. Akaagiza chumvi. "Mpeni alambe. Mzimu hauli chumvi." Nikalamba. Nikaomba na maji ya kuteremshia. Wakacheka kidogo, lakini hawakusogea.

Ndipo nikaketi chini, nikavuta sketi mpaka gotini, nikanyoosha mguu wa kushoto kuelekea ule mlango, na kovu lake lote. "Mama, ni mimi, Mhehe wako. Mguu huu hapa. Nimekuja nao kwa kutembea toka Iringa."

Mlango ukafunguka polepole. Akaja, akachuchumaa. Hakunigusa usoni. Aligusa kovu, akalifuata kwa kidole kutoka juu mpaka chini. Kisha akalia, na mimi nikalia, na yule bibi wa chumvi akalia.

Tulipotulia ndipo akanieleza. Siku ile alirudi na maji yake ya moto, akakuta kitanda changu kitupu na godoro limekunjwa. "Wodini nimekaa sana," akasema. "Nimeona magodoro mengi yakikunjwa. Huulizi. Unajua." Akamwaga yale maji, akakaa sakafuni. Mkwewe aliporuhusiwa, akarudi naye nyumbani huku.

"Nikawaza, yule mtoto kafia kwetu. Ndugu zake hawajui. Mtani kazi yake msibani ni kuchekesha watu, lakini nitamchekesha nani wakati hakuna aliyelia? Nikasema basi, nilie kwanza mimi."

Yule bibi wa chumvi akadakia. "Alitandika mkeka hapa uani. Akanyoa kichwa chote, kama mtu aliyezika. Tulimjia tukamuuliza, umefiwa na nani? Akasema, na mwanangu. Tulimkalia siku zote za matanga. Tulimpikia. Wewe tumekulilia wote hapa, na hatukujui."

Jamani! Nilitazama wale watu mmoja mmoja, kina mama na watoto wao mgongoni, wazee na fimbo zao. Mimi nilikuwa Dar, nanung'unikia chakula cha hospitali, na huku kijiji cha watu nisiowajua kimekaa chini kwa ajili yangu. Miaka yote mitatu nilidhani nimebeba habari kubwa ya kumletea, kumbe yangu ilikuwa ndogo.

Nikapiga magoti nianze hotuba. "Mama Ndahani, nimekuja..." Akaniziba mdomo kwa kiganja, kina vumbi la uwele.

"Nyamaza. Hunitoki kwa maneno, Mhehe," akasema, na watu wote wakasogea wasikie. Akavua kilemba. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote. "Nilinyoa nyeusi kwa ajili yako. Zimeota hizi. Nirudishie nywele zangu."

Uwanja mzima uliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka mpaka akanishika bega asianguke. Nilicheka na machozi yananitiririka. Akauchukua mkono wangu, akauweka juu ya kichwa chake. Nywele zilikuwa laini kama za mtoto mchanga. Asante yangu sikuisema. Nilikaa hivyo, mkono wangu kichwani kwake, huku kina mama wakiokota uwele uliomwagika wapate wa kunipikia ugali.